Mbuzi Mwongo kwenye Kituo cha Majani

Nyabate hakuwa mtu wa kupenda vitu. Harusi ikifanywa kijijini, alisema bibi harusi amepakwa unga kama chapati inayongoja moto. Mhubiri akija na spika kubwa, alisema Mungu si kiziwi. Hata mvua ikinyesha vizuri na chai ikachipua kijani kibichi mlima mzima, alisimama mlangoni na kikombe mkononi akasema, "Sasa ndio inakuja. Ilikuwa wapi mwezi wa pili?"

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mume aliyenunua mahindi kule Mulot na kuonekana nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, watoto watatu wakubwa waliotawanyika, na kitinda mimba wake Beverly, wa Gredi ya Sita. Alikuwa pia na nusu ekari ya chai. Kabla ya hiyo nusu ekari alichuna majani ya kampuni miaka ishirini na miwili, mpaka kampuni ikaleta mashine za kuchuna na kuwagawia watu barua za kwaheri. Barua yake aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akazibia tundu la dirisha. "Angalau ifanye kazi," alisema. "Kuliko hiyo mashine yao. Mashine haijui kichanga wala jani gumu, inanyoa tu kama kinyozi mlevi."

Kitabu kilikuja nyumbani Jumatatu, ndani ya mfuko wa Beverly, kimevalishwa gazeti la zamani.

"Mama, mwalimu amesema mzazi asome na mtoto. Dakika ishirini kila siku. Halafu unaweka sahihi hapa."

"Na mwalimu yeye atakuwa akifanya nini hizo dakika ishirini?"

"Sijui."

"Mimi najua. Atakuwa kwa simu."

Alichukua ile fomu. Ilikuwa na visanduku thelathini, kimoja cha kila siku. Nyabate aliweka sahihi kwenye vyote thelathini hapo hapo, mstari kwa mstari, kama mtu anayepanda maharagwe.

Beverly alitazama. "Mama, sasa umesoma mpaka mwezi ujao?"

"Nimesoma."

"Na hata hujafungua."

"Beverly, kama unataka kula leo, nenda uangalie kama kuku wameingia."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Nyabate alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kumwambia mtu: hakuweza kudharau kitu asichokijua. Kudharau bila kujua ni kazi ya wavivu, na yeye hakuwa mvivu. Kwa hiyo Jumanne, maharagwe yakiwa jikoni na hayataki kuiva, alikivuta kile kitabu ili apate la kumwambia mwalimu siku ya mkutano wa wazazi.

Kilikuwa cha Kiswahili, herufi kubwa kubwa, picha moja kila sura. Kiliitwa *Sembeko na Mlima Mtembezi*. Ndani yake kulikuwa na nchi ambayo mlima wake hautaki kukaa mahali pamoja. Watu wanalala kando ya mto, wanaamka kando ya jangwa, kwa sababu mlima umetembea nao mgongoni. Wazee wameuimbia, wameupigia magoti, hausikii. Basi msichana wa miaka kumi na mmoja, Sembeko, anaamua kwenda kukitafuta kichwa cha huo mlima, auulize kwa adabu unatafuta nini. Anafuatana na mbuzi anayeitwa Kwato, ambaye anajua kuongea lakini hawezi kusema ukweli hata akitaka. Akikuambia njia ni salama, kimbia. Akikuambia chakula ni kibaya, kaa ule.

"Upuzi," Nyabate aliyaambia maharagwe.

Alikuwa na maswali. Kwanza, mlima ukihama, mawe ya mipaka yanakuwa ya nani? Huku watu wamepelekana kortini miaka tisa kwa ajili ya ua uliosogea hatua mbili, na huko mlima mzima unahama na hakuna hata mmoja aliyemwita chifu. Pili, huyo mama yake Sembeko ni mama wa aina gani? Mtoto anaondoka na mbuzi wa nyumbani, mbuzi wa maana, na mama anamfungia viazi vitatu kwenye kitambaa na kumwambia nenda salama. Viazi vitatu! Tatu, siku tisa njiani, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba huyo mtoto amefua hata soksi.

Maharagwe yaliungua. Nyabate aliyala hivyo hivyo, akasema kosa ni la jiko, akaendelea na sura ya nne.

Kufikia Alhamisi kitabu kilikuwa kimepata mahali pake ndani ya aproni ya kuchunia, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni kisishike umande. Nyabate alikwenda nacho kituoni, kwa sababu kudharau peke yako hakuna utamu.

Kituo chao cha majani ni banda la mabati lisilo na kuta, kando ya barabara ya murram. Watu hufika saa nane mchana, wanamwaga majani juu ya meza ndefu, wanachagua. Majani mawili na kichanga kimoja, yaani chipukizi la nchani, hayo yanabaki. Jani gumu linatupwa. Lazarus, karani wa pale, anapita akikagua kwa mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Kisha majani yanarudishwa kwenye magunia ya wavu na kazi inayobaki ni kungoja lori lije na mzani. Lori la majani lina saa zake linazozijua lenyewe. Kukiwa na matope huko chini, watu hungoja saa mbili, saa tatu, wamekaa wanachambua habari za watu baada ya kumaliza kuchambua majani.

Nyabate alikaa kwenye benchi karibu na Chepkemboi, jirani yake wa ua kwa ua, mwanamke mpole aliyekuwa akifuma sweta za shule huku akingoja.

"Bot Kiplimo, hebu sikia ujinga ambao wanasomesha watoto wetu," alisema, akimwita mama wa Kiplimo kwa lugha ya kwao huku akifungua karatasi ya nailoni. "Ati mbuzi anaongea."

"Anaongea nini?" Chepkemboi aliuliza.

"Uongo."

"Basi anaongea kama watu."

Nyabate akamsomea ukurasa mmoja ili amwonyeshe. Alisoma kama wakili anavyosoma mashtaka, akitua kila mstari na kuuliza dunia kama imesikia. "'Sembeko akauliza, Kwato, kuna mamba mtoni? Mbuzi akajibu, hapana, mto huu una maua tu.' Sasa wewe niambie. Huyo mtoto si anajua mbuzi anadanganya? Mbona bado anauliza?"

"Si ndio ajue kuna mamba," Chepkemboi alisema bila kuinua macho kwenye sindano zake. "Mwongo ambaye hakosei ni wa maana kuliko mkweli ambaye anabahatisha. Endelea."

"Niendelee na nini? Nimekuonyesha."

"Walivuka ama hawakuvuka?"

Ikabidi Nyabate asome ukurasa wa pili. Kwenye ukurasa wa tatu wanawake wa meza ya jirani walinyamaza. Kwenye wa tano mmoja aliuliza kwa sauti, "Huyo mbuzi ni dume ama jike?" na mwenzake akamwambia afunge mdomo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikawa desturi. Kila siku ya majani Nyabate alisoma, na kila siku alidharau. Kulikuwa na malkia aliyekusanya vivuli vya watu na kuvifungia kwenye vibuyu. Nyabate alisema huyo malkia hana kazi, angepewa nusu ekari ya chai aone kama atapata nafasi ya vivuli vya watu. Kulikuwa na daraja lililokataa kupitisha mtu asiyejua kucheka. Nyabate alisema hilo daraja lingekuwa Kericho hakuna afisa hata mmoja angefika ofisini. Lakini sauti ya Kwato aliitoa puani, nyembamba, yenye kiburi, na sauti ya malkia aliitoa tumboni, na siku ambayo Sembeko alipotewa na kivuli chake Nyabate alisoma polepole mno, na hakuingiza neno lake hata moja. Wanawake waliona. Hawakusema kitu, kwa sababu mtu wa mdomo kama ule ukimwambia umemwona anapenda kitu, ataacha kwa makusudi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo mtu wa chai hafanyi. Hakalii majani. Majani mabichi yakikandamizwa yanapata joto ndani ya gunia, yanaiva yenyewe kwa yenyewe, yanakuwa mekundu na kunuka kama chai iliyolala kwenye flaski. Mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Na pale kituoni askari wa sheria hiyo alikuwa Nyabate mwenyewe. Mgeni akijisahau na kuegemea gunia, alisikia nyuma yake, "Toa hayo makalio juu ya majani! Hapa si kanisani!"

Siku hiyo alikuwa amefika kwenye sura ya kumi na tano, ambapo Sembeko na Kwato wanaufikia mdomo wa mlima. Watu walikuwa wengi, wale wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii. Nyabate alitafuta mahali pa juu, akapapasa nyuma yake kwa mkono bila kutoa macho kwenye kitabu, akapanda akakaa. Akasoma. Mdomo wa mlima ulikuwa pango lenye pumzi ya moto. Sembeko alimuuliza mbuzi, kuna hatari humo ndani? Na Kwato, akitetemeka hadi ndevu, akajibu, hakuna hatari yoyote, rafiki yangu, ingia tu. Watu thelathini walishika pumzi, na hao watu thelathini, wote wakulima wa chai, hakuna hata mmoja aliyeona Nyabate amekalia nini.

Lori lilipopiga honi, Lazarus alikuja kukagua mara ya mwisho. Aliingiza mkono kwenye gunia la Nyabate, akautoa haraka.

"Mama Beverly," alisema. "Hapa umepika?"

"Nimepika nini?"

Lazarus alimwaga gunia juu ya meza. Katikati, mahali pa kukalia, majani yalikuwa mekundu kama kutu na yanafuka. Yalikuwa na umbo. Sitasema umbo gani, lakini Chepkemboi aliliangalia, akamwangalia Nyabate, na ile sweta ikamwanguka.

Kicheko kilichotoka pale kilisikika ng'ambo ya bonde. "Hapa si kanisani!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Toa hayo makalio!" Mama mmoja alikaa chini matopeni. Nyabate alisimama katikati yao ameshika kitabu kifuani.

Aliyekuwa na la kusema ni Judy.

Judy Bosibori alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Yeye na Nyabate walikulia kwenye laini moja ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni, mlango kwa mlango, na walikuwa wakichokozana tangu wakiwa na meno ya maziwa. Judy alikuwa mwanamke wa kunyoosha. Akiingia nyumbani kwako ananyoosha kitambaa cha meza kabla hajakusalimia. Alikuwa amekaa pembeni siku zote hizo za kusoma, amegeuza mgongo, akisikiliza kwa kisogo.

"Mnacheka," alisema. "Mimi sioni la kucheka. Mwanamke aliyechuna chai maisha yake yote anakalia majani yake na hajui. Mnajua maana yake? Hicho kitabu kina kitu. Mbuzi anaongea. Vivuli vinafungwa kwenye vibuyu. Hivyo ni vitu vya nani, kama si vya waganga?"

Kicheko kilikufa. Wote walikuwa watu wa kanisa, na wote walikuwa wamesikiliza, na kila mmoja aliangalia mwenzake aone nani ataanza kukana.

"Mama mwenyekiti, ni kitabu cha watoto," Chepkemboi alijaribu.

"Nyoka mdogo ni nyoka. Kilete, Nyabate. Nitakikagua mimi mwenyewe. Nikiona hakina ubaya nitarudisha shuleni kwa mkono wangu. Nikiona kina ubaya, kitapata moto, na mwalimu nitaongea naye."

Zilibaki sura tatu. Sembeko alikuwa ameinua mguu mmoja, mdomoni mwa mlima. Nyabate angeweza kusema. Angesema neno moja tu, kwamba anakitaka, na nusu ya wale wanawake wangesimama naye. Lakini angekitakaje? Mwezi mzima amewaambia ni upuzi. Na majani yake yanafuka pale mezani mbele ya macho ya watu.

"Chukua," alisema, akakitupa juu ya meza. "Nilikuwa nimechoka nacho. Kinaniumiza kichwa."

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Nyabate alichuna kwa hasira, mpaka vichaka vikabaki vinamwogopa. Alipofika mwisho wa mstari alijikuta amesimama, anaangalia mlima wa ng'ambo kama mtu anayengoja uinuke. Alijitukana kwa Kikisii. Mwanamke mzima!

Nyumbani Beverly alikuwa akifanya kazi ya shule mezani. Beverly alikuwa amekimaliza hicho kitabu siku nyingi, kwa siku mbili, kabla hakijahamia kwenye aproni ya mama yake.

"Beverly," Nyabate alisema, akiwa amempa mgongo, akikoroga uji. "Yule mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Kuna mbuzi wangapi wanaoongea hapa? Yule mwongo. Alikufa?"

Beverly alifikiri, mtoto asiye na huruma. "Mwalimu amesema asiyemaliza kitabu asiambiwe mwisho."

"Mimi ni mama yako."

"Na fomu inasema umemaliza. Umeweka sahihi."

Nyabate alikoroga uji mpaka ukamwagika. Hakuuliza tena. Lakini usiku mmoja na siku mbili za kumfikiria mbuzi zilitosha. Alhamisi alifika kituoni mapema, akamwaga majani yake, akachagua kama mtu anayechambua adui, kisha akaenda moja kwa moja hadi meza ya Judy.

"Kitabu kiko wapi?"

Judy alifungua mkoba wake. Kitabu kilikuwamo, na kilikuwa kimeota vipande vya karatasi pande zote, kama kuku anayenyonyoka. "Kila karatasi ni dhambi," Judy alisema. "Nimeweka alama ishirini na saba. Jumapili nampelekea pasta."

"Hebu nione moja."

Judy alifungua. "Hapa. 'Mbuzi akasema, mimi sijawahi kuiba.' Na alikuwa ameiba mahindi! Uongo na wizi, kwa mstari mmoja."

"Na mstari unaofuata?"

"Unaofuata nini?"

"Lazarus!" Nyabate aliita. "Njoo hapa, karani. Wewe ukikagua majani ya mtu unafanyaje? Unachota mkono mmoja kutoka chini ya gunia, unaona jani moja gumu, unarudisha gunia lote?"

Lazarus alijua anavutwa kwenye vita ambavyo si vyake, lakini kazi ni kazi. "Hapana, mama. Unamwaga yote mezani. Unaangalia yote."

"Umesikia? Unamwaga yote. Wewe umechota mkono mmoja, Judy. Umechagua magumu ishirini na saba ukayapanga, ukasema hiyo ndiyo chai."

"Nani amekuambia nimechota?" Judy aliinuka. "Mimi nimemwaga! Nimesoma chote. Nimesoma mara mbili! Unafikiri sikujua mlima ulikuwa ukitafuta nini? Nilijua kabla ya huyo mtoto kujua. Na yule mbuzi pale mwisho, anapomwambia Sembeko kwamba..."

"Usiseme!"

Ilikuwa kelele ya mtu anayeona mtoto anakaribia moto. Chepkemboi aliacha kufuma. Nyabate alikuwa ameziba masikio yake kwa mikono miwili.

"Usiseme," alirudia, sauti ikiwa imeshuka. "Judy, nakuomba. Usiniambie."

Nyabate kumwomba Judy! Kuna watu pale waliokuwa wamewajua wote wawili miaka thelathini na walitazama juu kuona kama mabati bado yapo.

"Kwa nini nisiseme?" Judy aliuliza polepole. "Si kinakuumiza kichwa? Si ni upuzi?"

Nyabate alishusha mikono. Aliwaangalia wote, mmoja mmoja, kana kwamba wao ndio waliofanya kosa. "Nakipenda," alisema. "Haya. Nimesema. Nakipenda kitabu cha watoto chenye mbuzi. Nilikalia majani yangu kwa sababu yake na ningekalia mengine. Mmefurahi? Kuna mwingine anataka kucheka? Acheke sasa, mimi nina sura tatu za kusoma."

Hakuna aliyecheka. Kutoka nyuma mama mmoja alisema, "Sisi pia tuna sura tatu," na wengine wakasema ee, ee.

Judy alikigeuza kitabu mikononi. Alinyoosha pembe moja iliyokunjika. Mtu aliyesoma kitabu mara mbili ili kutafuta dhambi ana shida yake mwenyewe, na ilionekana usoni mwake. "Basi kisomwe hapa, kwa sauti," alisema hatimaye. "Mimi nitakaa karibu na wewe. Tukifika penye ubaya nitainua mkono, na kila mtu azibe masikio."

"Inua hata miguu," Nyabate alisema, akakichukua.

Walimtafutia benchi. Alisoma. Ndani ya mdomo wa mlima hakukuwa na zimwi. Mlima ulikuwa unalia. Zamani, ulipokuwa mchanga, uliondoka mahali ukasahau nyuma kilima kidogo, mtoto wake, na tangu hapo unazunguka nchi ukikitafuta, mkubwa mno hata hauwezi kuona chini ya miguu yake. Sembeko alikuwa amekiona hicho kilima siku ya pili ya safari; alikuwa amekaa juu yake akila kiazi. Akauongoza mlima hadi pale. Mkono wa Judy ulikuwa juu ya paja lake na haukuinuka. Mlima ulipokiona kilima chake, uliinama, na ndege wote waliokuwa juu yake wakaruka kwa pamoja, na mzee mmoja pale kituoni, aliyekuja na majani ya mke wake na kujifanya hasikilizi, alipenga kamasi kwa nguvu.

Kisha mlima ukamwambia Sembeko: kabla sijakaa chini milele, panda begani mwangu, nikutembeze dunia nzima mara moja, uone nilivyoviona. Sembeko akasema asante, lakini mama ananingoja na maji hayajachotwa. Akamuaga Kwato, ambaye alikuwa anabaki kuishi na mlima. Na yule mbuzi, ambaye tangu azaliwe hajaweza kusema neno la kweli, alimwangalia akamwambia, "Nenda tu. Sitakukumbuka hata siku moja."

Nyabate alisoma mstari huo kwa ile sauti ya puani. Chepkemboi alikuwa analia waziwazi, machozi yanaangukia sweta ya mtoto wa watu. Judy alikuwa amefunika uso wake wote kwa leso, na mkono hakuuinua.

Nyabate alifunga kitabu.

"Mjinga," alisema.

"Nani? Mbuzi?" Chepkemboi aliuliza.

"Mbuzi ana akili kuliko sisi wote. Huyo Sembeko! Mlima mzima umemwinamia, ati panda nikuonyeshe dunia, na yeye anasema maji hayajachotwa. Maji! Angepanda, akaona bahari, akaona hilo jangwa, akarudi akachota."

Judy alitoa uso kwenye leso. Macho yake yalikuwa mekundu lakini kidevu kilikuwa tayari. "Na mama yake? Alikuwa peke yake."

"Mama yake alikuwa na mikono miwili. Na alimpa viazi vitatu."

"Mtoto mzuri anamfikiria mama."

"Mtoto mzuri ni mjinga, nimekuambia."

"Wewe unasema hivyo!" Judy aliinuka. "Na ulipopata nafasi ya sekondari kule Fort Ternan, shangazi yako akasema utakaa kwake, ni nani alikataa? Nani alisema mama anaumwa mgongo, nani atamchunia majani? Nilikuwa mlangoni, Nyabate. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Watu walitazama chini. Beverly, aliyekuwa ametoka shuleni na kusimama kando ya banda, alimwangalia mama yake kama anayeona picha ambayo haikuwa kwenye kitabu.

"Sasa wewe unafikiri nilijuaje kwamba ni mjinga?" Nyabate alisema. "Niliota?"

Lori lilipiga honi kwenye kona ya chini. Wanawake waliinuka, wakapangusa sketi, wakaanza kusogeza magunia kwenye mzani. Judy aliinyoosha leso yake, akaikunja. Alishika upande mmoja wa gunia la Nyabate. Nyabate alishika wa pili. Waliliinua pamoja hadi kwenye ndoano, na lilipokuwa linabembea, Nyabate alimgeukia.

"Na mgongo wa mama," alisema, "ulipona baada ya mwezi mmoja."